Stata inagonga "ta!" tu: zungusha injini kwa mkono kabla hujaita trekta

Swali: Shikamoo fundi. Niko Himo. Marehemu baba alituachia Fuso lenye injini ya 6D16, alilokuwa akibebea ndizi kutoka Marangu kwenda Dar es Salaam. Tangu afariki limesimama pale nyumbani chini ya mparachichi, miezi 18 sasa. Ea klina aliiazima utingo wake wa zamani na hajairudisha. Juzi nimenunua betri mbili mpya, nikapiga ufunguo, stata ikagonga "ta!" mara moja kisha kimya. Fundi wa kwanza anasema injini imekamata, tuishushe. Wa pili anasema tulifunge kwenye trekta, tuweke gia ya pili, litawaka tu. Mjomba wangu, aliyeendesha malori zamani, anasema tuizungushe kwanza kwa mkono. Kweli injini ya lori inazungushwa kwa mkono? Na mimi nisiye fundi naweza?

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa kufiwa na mzee. Hapo anayesema kweli ni mjomba wako. Trekta liende likalime.

Tuanze kwa kutenganisha maneno mawili ambayo watu huyachanganya: kuzungusha na kuwasha. Kuiwasha injini hiyo kwa mkono, hapana. Dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inawaka kwa sababu pistoni inaibana hewa mpaka inapata moto wa kuyawasha mafuta yenyewe. Injini nyingi za malori huibana hewa mara 16 hadi 18, na mbano huo lazima uje kwa kasi, la sivyo joto linapotelea kwenye kuta za silinda na hewa yenyewe inavuja kwenye ringi zinazoizunguka pistoni. Zile Lister za mashine za kusaga huko Uchagani zinawashwa kwa hendeli kwa sababu zina flaiwili nzito (lile gurudumu la chuma linaloisaidia injini kuendelea kuzunguka) na kijiti kinachoshikilia valvu wazi. Unazungusha bila upinzani mpaka ikolee, unaachia kijiti, inapiga. Fuso lako halina kijiti hicho. Wazee wa barabara hii ya Moshi watakuambia kwamba hata jina taniboi lilitokana na kijana aliyekuwa kazi yake kuzungusha hendeli ya lori asubuhi, lakini hayo yalikuwa malori ya petroli, tena madogo kuliko la kwako.

Kuizungusha bila nia ya kuiwasha, hiyo ni kazi ya kila siku. Ukimkuta fundi anaseti tapeti (nafasi za valvu) au anaweka taimingi ya pampu (wakati wa kupiga dizeli), ujue injini hiyo anaizungusha kwa mkono, nukta kwa nukta. Inawezekanaje? Pistoni ya 6D16 ina kipenyo cha milimita 118, yaani uso wa kama sentimeta za mraba 109. Hewa ikibanwa kwa haraka hadi kilo 20 tu kwa kila sentimeta ya mraba, pistoni moja inasukumwa kwa zaidi ya tani 2. Hakuna mkono wa kupambana na hilo. Ila ukizungusha taratibu, hewa inapata nafasi ya kupenya kwenye mapengo ya ringi na kushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), mzigo unapungua, na mtu mmoja mwenye spana ndefu anapita bila hata kutokwa jasho. Kazi yenyewe inataka subira.

Sababu yangu ya kukutaka uanze na mkono ni kwamba mkono unasikia. Stata ina nguvu nyingi na haisikii chochote. Trekta ndiyo kabisa. Injini ikiwa imegota kwenye kitu, mkono utakuambia imegota wapi, imegota namna gani, ghafla au kwa kunesanesa, na ukirudi nyuma inaachia au haiachii. Stata itakuambia "ta!", basi.

Sasa rudi kwenye swali lako. Umetaja ea klina kana kwamba ni habari ya pembeni, na mimi ndiyo iliyonishtua. Bomba la kuingizia hewa limekaa wazi miezi 18, maana yake limepitiwa na masika nzima na vuli pia, chini ya mti unaodondosha majani na maua. Injini ya silinda sita ikizimika, haikosi silinda angalau moja ambayo valvu yake ya kuingizia hewa imebaki wazi. Maji yakiingia kwenye bomba yana njia iliyonyooka hadi juu ya pistoni hiyo. Na maji hayabanwi. Hewa ina mahali pa kwenda, inajikunja. Maji yanasimama kama jiwe. Pistoni ikipandishwa kwa nguvu dhidi ya maji, kinachokunjika ni konrodi, mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na krenki, ule mhimili mkuu wa injini.

Hapo ndipo trekta linapokuwa balaa. Kwenye gia ya pili, magurudumu ya nyuma yanaizungusha krenki kwa kasi iliyoongezwa na difu na giaboksi, huku uzito wa lori zima ukisukuma. Injini ikiwa na maji ndani, konrodi itapinda au itatoka ubavuni mwa bloku. Ikiwa imeshikwa na kutu, ringi zitavunjika na kuchana laina, yaani ukuta wa silinda. Na ikitokea bahati ikawaka, utakuwa unaburutwa na trekta bila upepo wa kutosha wa breki, usukani mzito, na injini inayonguruma kwa namna usiyoijua. Nimeshaona kazi ya kutoa nozeli sita (vile vipulizia dizeli) na kikombe cha oili ikageuka kuwa ovahoo kamili kwa sababu ya kamba ya kuvutia.

Kwa hiyo, kuanzia leo usiguse ufunguo. Uweke mfukoni mwako wewe, usiache kwenye gari. Kwa hili nina kovu, si la mwilini, la aibu. Nilikuwa bado kijana wa spana kwenye gereji moja hapa Unga Limited, Arusha, naseti tapeti za lori la mtu. Nilikuwa nazungusha flaiwili kwa mtaimbo mdogo kupitia tundu la chini. Ikafika saa ya chai, nikauacha mtaimbo umo ndani, nikaenda kununua maandazi. Dereva akaja, akaona kichwa cha lori kimelazwa lakini hakuna mtu, akataka kujua kama kazi imekwisha. Akapiga stata. Mtaimbo ulimega kipande cha nyumba ya flaiwili, ukaruka, ukatoboa ndoo ya oili niliyokuwa nimeikalia muda si mrefu kabla ya hapo. Kosa lilikuwa langu. Sikutoa waya wa betri na sikuchukua ufunguo. Tangu siku hiyo ufunguo wa gari ninalolizungusha unalala mfukoni mwangu, hata mwenye gari akinuna.

Maandalizi yenyewe ni machache. Lori liwe mahali pa tambarare, magurudumu yawekewe mawe au magogo mbele na nyuma, gia iwe huru. Usiamini hendibreki ya gari lililolala mwaka na nusu. Toa waya wa hasi kwenye betri kwanza, kisha wa chanya. Halafu funga mafuta: vuta kile kiwaya cha kuzimia injini na ukifunge kwa waya wa binding mahali hapo kilipovutwa. Watu wengi wanafikiri wakitoa betri wamemaliza. Injini yenye pampu ya kizamani kama yako haihitaji umeme hata kidogo ili kuwaka. Inahitaji mafuta na mbano tu. Magari mapya ya nozeli za umeme ni habari nyingine, betri ikitoka yamekufa.

Kabla hujashika spana, chomoa kijiti cha kupimia oili. Kama usawa umepanda kuliko ulivyokuwa, au oili ina rangi ya kahawa ya maziwa, maji yameshafika chini. Weka beseni chini ya sampu, legeza nati yake kidogo tu bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yapo yatatangulia kutoka. Ukiyaona, mwaga yote, weka oili mpya ya bei nafuu kwa ajili ya zoezi hili. Utaimwaga tena baadaye.

Kisha toa stata. Najua ni nzito na imejificha, tafuta mtu wa pili, msilale chini yake wakati boliti ya mwisho inatoka. Kuitoa kuna faida tatu kwa mpigo. Kwanza, wakati mwingine kigia cha stata ndicho kilichojibana kwenye meno ya flaiwili, na injini inaonekana imekamata kumbe ni nzima. Ukilegeza tu boliti unasikia "kling!" na kazi imekwisha. Pili, utaipeleka kwa fundi wa umeme aipime ikiwa mezani, maana ule mlio wa "ta!" unaweza kutoka kwenye kontakti zilizoungua ndani yake, au kwenye waya wa bodi kati ya chesisi na injini uliooza. Tatu, tundu lake linakupa njia ya kuyaona meno ya flaiwili.

Toa pia beleti zote za mbele. Alteneta au pampu ya maji iliyokamata kwa kutu inaweza kukudanganya kwamba ni krenki. Zungusha puli zao moja moja kwa vidole. Kompresa ya upepo inaendeshwa kwa gia, hiyo huwezi kuitenga kirahisi, iache kwanza.

Sasa mkono. Nati kubwa ya mbele ya puli ya krenki ndiyo nzuri kuliko njia zote, kwa sababu hakuna gia kati yako na krenki. Kila kitu unakisikia moja kwa moja. Kwenye Fuso feni na kava lake vinakusumbua, vitoe kama huna nafasi. Tumia soketi yenye tundu la mpini la robo tatu ya inchi, inayokaa sawasawa kwenye nati, na mpini wa nusu mita hivi. Vuta kuelekea kwako, usisukume, ili ikiteleza usitangulize uso kwenye rejeta. Na usizungushe injini kwa kushika mapanga ya feni, hata ukimwona fundi mwenye mvi anafanya. Panga likipata ufa leo, litakatika siku nyingine injini ikiwa kwenye mwendo, na halitachagua pa kuangukia.

Wapo wenye kifaa maalumu cha kigia kidogo kinachoingia kwenye nyumba ya flaiwili. Ni kizuri kwa kuseti tapeti, kinakupunguzia nguvu mara kumi au zaidi. Kwa kazi yako sikipendi. Kinachokupunguzia nguvu mara kumi kinakuondolea na hisia mara kumi, na kinaweza kupinda kitu wewe ukidhani unapita kwenye mbano wa kawaida.

Mwelekeo: ukiwa umesimama mbele ya lori ukitazama puli, injini hii inazunguka kama mshale wa saa. Piga mstari wa chaki kwenye puli na mwingine kwenye bloku, vikutane. Vuta taratibu. Injini isiyo na hitilafu utaisikia hivi: mpini unaanza kuwa mzito kama unapanda kilima, unakaza, unahisi kitu kinanesa kama kukanyaga mpira. Usiongeze nguvu. Shikilia hapo hapo na usikilize. Kwenye mdomo wa kujazia oili utasikia "ssss" nyembamba, hiyo ni hewa inavuja kwenye ringi, ni halali yake. Uzito unapungua, unavuka kilele, mpini unashuka wenyewe kidogo. Kisha kilima kingine.

Hesabu hivyo vilima. Silinda sita, kila moja inabana mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, kwa hiyo katika kila mzunguko wa mstari wako wa chaki utakuta vilima vitatu, vikipishana kwa thuluthi moja ya mzunguko. Katika mizunguko miwili viwe sita, vyenye uzito unaofanana. Ukikuta vitano na bonde mahali pa cha sita, silinda hiyo haibani. Kwa mpangilio wa kuwaka wa 1-5-3-6-2-4 unaweza hata kuijua ni ipi ukishaipata namba 1. Sikiliza hewa inakimbilia wapi: ikilia kwenye bomba la kuingizia, valvu ya kuingizia haifungi. Ikilia kwenye egzosi, ni valvu ya kutolea. Ikivuma sana kwenye mdomo wa oili, ringi. Rejeta ikitoa mapovu, gasketi ya hedi. Yote hayo kwa soketi na chaki, bila kompyuta. Na kama ungekuwa huku Arusha asubuhi ya mwezi wa saba na oili namba 40 ndani, ningekuonya kwamba kila kitu kitakuwa kizito kama kusonga ugali wa sherehe. Himo hakuna baridi hiyo, kwa hiyo uzito ukiuona ni wa kweli.

Lakini naona uwezekano mkubwa ni kwamba haitazunguka hivyo. Itagota. Hapo ndipo nataka utulie, maana namna inavyogota ndiyo jibu lenyewe.

Tuseme inakwenda kidogo, kisha inagota ghafla, "tuk", bila kunesa na bila "ssss", na ukisubiri haiachii. Usilazimishe. Rudisha nyuma taratibu na uangalie chaki yako inakwenda umbali gani kabla ya kugota tena upande wa pili. Ikigota baada ya karibu mzunguko mmoja, kuna kitu kigumu juu ya pistoni: nati iliyodondokea kwenye bomba, kipande cha valvu, au valvu iliyonata wazi inayogongana na pistoni. Chuma kinagongwa kila pistoni inapofika juu, na pistoni inafika juu kila mzunguko. Ikirudi karibu mizunguko miwili kamili ndipo igote, hayo ni maji au mafuta. Kioevu kinakwama tu pale valvu zote zinapokuwa zimefungwa. Mzunguko unaofuata valvu iko wazi na kinapata pa kutokea. Sijui kipimo kingine kinachotofautisha haya mawili kwa bei ya kipande cha chaki.

Yakiwa maji, toa nozeli zote sita. Safisha uchafu kuzizunguka kabla ya kuzichomoa, ziba mabomba yake kwa nailoni safi, zipange kwa namba. Utahitaji washa mpya za kopa wakati wa kurudisha, za zamani usizirudishie. Kisha zungusha tena kwa mkono, uso wako ukiwa mbali na matundu. Maji yatachuruzika au kuruka kutoka kwenye silinda moja au mbili. Endelea mpaka yakauke. Watoto wasisogee. Wanapenda sana kuchungulia matundu hayo.

Tuseme sasa haisogei kabisa, si mbele si nyuma, hata unywele. Stata imetoka, beleti zimetoka, gia iko huru. Jaribu kukanyaga klachi mtu mwingine akivuta mpini, ili giaboksi nayo itengwe. Ikibaki hivyo hivyo, basi ringi zimeshikana na laina kwa kutu. Mzee hakuliacha lori likiwa limechemka wala limeishiwa oili, kama ulivyonieleza lilisimama tu, kwa hiyo sina shaka sana na beringi za krenki. Kutu ya juu inaachia ukiipa muda. Toa nozeli, mimina vijiko viwili vitatu vya mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi otomatiki kwenye kila silinda. Usimimine glasi nzima, maana utakuwa umetengeneza upya lile tatizo la maji. Ziba matundu kwa vitambaa safi, nenda kanywe mbege. Kesho yake weka mpini, tikisa kidogo mbele, kidogo nyuma, bila hasira. Isipoachia, ongeza kijiko, ondoka tena. Siku tatu, wiki, hata mbili.

Hapa kwenye kutu ndipo peke yake ninaporuhusu kwenda mbele na nyuma hovyo. Siku ya kuseti taimingi au tapeti usifanye hivyo: ukipitiliza alama, rudi nyuma nusu mzunguko nzima kisha uje tena mbele hadi kwenye alama, ili meno ya gia yakutane upande ule ule yanaokutana injini ikiwaka. Na kurudisha nyuma kwa nguvu kwenye nati ya puli kunaweza kuilegeza yenyewe. Ukiona nati inazunguka na puli imesimama, acha hapo, kwanza ikazwe kwa kipimo chake.

Mtu mmoja kwenye mpini wa nusu mita, au mita moja ukizidisha sana. Mkishafikia kuongezea bomba la maji na kuwaita majirani wawili, mmeshaacha kusikia, na hapo ndipo umwite yule fundi wa kwanza wa kushusha injini. Kama baada ya wiki mbili za kulainisha haijasogea hata jino moja la flaiwili, atakuwa amesema kweli na mimi sitaona haya kukubali.

Ikizunguka, usikimbilie stata. Fungua kava la tapeti, mtu mmoja azungushe na mwingine aangalie valvu zote 12. Kila moja inayosukumwa chini lazima irudi juu yenyewe. Gari lililolala hivi mara nyingi lina valvu moja iliyonata kwenye gaidi yake, yaani mrija inamopita. Ukiikuta, paka mafuta laini, igonge kidogo kwa mpini wa nyundo wa mbao mpaka icheze, lakini hakikisha pistoni yake haipo juu. Stata ingekuwa imeshapinda pushrodi yake (fimbo inayoisukuma valvu) wewe ukishangilia kwamba injini inazunguka.

Halafu pampu ya dizeli. Hili watu hulisahau na ndilo linalonitisha kuliko kutu. Ndani ya pampu ya aina hiyo kuna rodi inayoamua mafuta kiasi gani yaende kwenye nozeli, na kwenye gari lililolala inaweza kuganda ikiwa wazi. Injini ikiwaka hivyo, inakimbia yenyewe mpaka ipasuke, na ufunguo hauizimi. Sogeza mkono wa kuzimia kwenye pampu, hakikisha unakwenda na kurudi bila kusita. Ukisita, pampu itoke iende kwa fundi wa pampu, mjini Moshi wapo. Na siku ya kuiwasha, awepo mtu mwenye kipande cha mbao bapa cha kuziba mdomo wa bomba la hewa. Mbao, asitumie kiganja.

Hayo yakikamilika, mwaga oili na dizeli yote ya zamani, weka mpya, badilisha filta. Nozeli zikiwa bado nje, zungusha mizunguko kadhaa kwa mkono ili mabaki ya mchanganyiko yatoke, kisha rudisha stata na uipige vipindi vifupi vya sekunde kumi kumi hadi oili ipande juu kwenye tapeti. Ndipo urudishe nozeli na utoe upepo kwenye mafuta. Na ea klina, tafadhali. Mtafute huyo utingo.

Umeniuliza kama wewe usiye fundi unaweza. Kuzungusha na kuhesabu unaweza, tena ukiwa na mjomba pembeni ndiyo vizuri, yeye anajua uzito wa injini isiyo na hitilafu unavyokuwa mkononi. Kutoa nozeli na kugusa pampu, lipa mtu. Ukishavuta mpini kwa mara ya kwanza niandikie mambo mawili tu: umekuta vilima vingapi, na kama imegota, chaki imerudi mzunguko mmoja au miwili.